Yoga, Zikiri ya Ujiji na Suala la Amani

Tarehe 21 Juni 2015 dunia iliadhimisha kwa mara ya kwanza Siku ya Kimataifa ya Yoga. Mjini New Delhi watu karibu 36,000 walitandika mikeka katika barabara kuu ya Rajpath, wakiongozwa na Waziri Mkuu wao, Narendra Modi, wakanyoosha mikono na kuvuta pumzi kwa pamoja. Kaulimbiu ya mwaka ule ilikuwa yoga kwa ajili ya upatano na amani. Siku yenyewe ilikuwa imepitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 11 Desemba 2014, baada ya nchi 177 kuliunga mkono pendekezo la India.

Majuma machache kabla ya sherehe hiyo, mwezi Mei, kijiji cha Kagunga kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, mpakani kabisa na Burundi, kilikuwa kimefurika makumi ya maelfu ya wakimbizi. Kagunga ni ukanda mwembamba wa ardhi uliobanwa kati ya mlima na maji. Kipindupindu kiliingia, watu wakafa. Meli kongwe ya Liemba, ile ambayo Wajerumani waliishusha majini Kigoma mwaka 1915, ikawa inakwenda na kurudi ikiwabeba watu hao hadi mjini, wakapumzishwa katika Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu.

Mambo haya mawili siyaweki pamoja kwa nia ya kuikejeli yoga. Nayaweka pamoja kwa sababu mtu wa Kigoma ana haki ya kuuliza swali ambalo mtu wa mbali anaweza kulikwepa. Tunaambiwa kwamba mtu akikaa kimya na kuitawala pumzi yake, amani inapatikana. Vema. Lakini amani ya nani? Mimi nikitulia chumbani mwangu, jirani yangu anayekimbia risasi anapata nini?

Hapana budi kwanza tuelewe yoga yenyewe ni kitu gani, maana picha tunazoziona magazetini zinatupotosha. Tunaona kijana amesimama kwa mguu mmoja, au mama amejikunja mpaka kisogo kinagusa visigino, tunadhani ni sarakasi. Neno lenyewe ni la Kisanskriti, na lina asili moja na neno la nira, lile jiti linalowafunga ng'ombe wawili walime pamoja. Yaani kuunganisha, na pia kutia nidhamu. Mwalimu wa kale anayeitwa Patanjali aliikusanya elimu hii katika mafungu mafupi mafupi ya maneno, na mwanzoni kabisa mwa mafungu hayo anasema, kwa maana, kwamba yoga ni kuyatuliza mawimbi ya akili. Mtu aliyelelewa kando ya ziwa hahitaji kufafanuliwa zaidi. Maji yakichafuka huoni chini. Yakitulia unaona mpaka kokoto.

Patanjali aliipanga safari hiyo katika ngazi nane. Viungo vya mwili na namna ya kukaa ni ngazi ya tatu. Pumzi ni ya nne. Kisha inafuata kuziondoa hisi katika mambo ya nje, kuielekeza akili mahali pamoja, kutafakari, na mwisho ni ile hali ya kuzama ambayo wenyewe wanaiona kuwa ndiyo shabaha ya yote. Sasa ngazi ya kwanza ni ipi? Ngazi ya kwanza haihusu mwili hata kidogo. Inahusu jirani. Ina masharti matano: usidhuru kiumbe, usiseme uongo, usiibe, uzuie matamanio, usilimbikize mali. Ya pili ni usafi, kuridhika, kujinyima, kujisomea na kumwelekea Mungu. Mtu akishazishika hizo mbili ndipo anaruhusiwa kukunja miguu.

Hapo ndipo biashara ya siku hizi ilipofanya ujanja wake. Darasa la yoga katika hoteli ya mjini linaanzia ngazi ya tatu, linagusa ya nne, linakwisha, watu wanalipa wanakwenda zao. Hakuna anayemuuliza mteja kama mishahara ya wafanyakazi wake ameilipa. Sisemi kwamba kunyoosha mgongo ni vibaya. Migongo yetu ya ofisini inahitaji kunyooshwa. Nasema tu kwamba aliyenunua ngazi ya tatu peke yake asishangae akikosa amani iliyoahidiwa kwa aliyeanzia ya kwanza.

Pamoja na hayo, habari ya pumzi si hadithi. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Mwaka 2001 jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha utafiti wa Luciano Bernardi wa Pavia, Italia, na wenzake. Waliwachukua watu 23, wakawasomesha Salamu Maria ya rozari kwa Kilatini, halafu wakawasomesha maneno ya uradi yanayotumiwa na watu wa yoga, huku wakipima mapigo ya moyo, pumzi na mwendo wa damu. Matokeo yalikuwa yale yale. Rozari na uradi ule vilishusha pumzi mpaka karibu mara 6 kwa dakika, na moyo ukaanza kwenda kwa mpangilio mzuri zaidi. Wala si muujiza. Tunapovuta pumzi moyo huongeza mwendo kidogo, tunapoitoa hupunguza. Kuna mshipa mkubwa wa fahamu unaoteremka kutoka ubongoni hadi kifuani na tumboni, na ndio unaoushika moyo breki. Anayetoa pumzi polepole na kwa kirefu anaipa breki hiyo nafasi ya kufanya kazi. Akina mama wa Kasulu na Kibondo wanaosali rozari jioni wamekuwa wakiushika mshipa huo miaka yote bila kuujua kwa jina.

Na Ujiji je? Ujiji wana zikiri.

Kwa wasioifahamu, zikiri ni kumtaja Mwenyezi Mungu kwa kurudiarudia, na katika tarika ya Kadiria, ambayo imeota mizizi Ujiji, hutajwa kwa sauti na kwa pumzi. Watu husimama katika duara au kwa safu, mara nyingi usiku wa kuamkia Ijumaa, wakishikana mikono. Kiongozi anaanza taratibu. Mwili unainama, unainuka. Jina linatamkwa, kisha linafupishwa, linashuka kooni, linaingia kifuani, mpaka mgeni aliye nje ya ukuta hasikii tena neno bali pumzi tupu ya watu wengi inayokwenda kama kifua kimoja. Halafu inaongezwa kasi, halafu inakatwa ghafla, na kimya kinachofuata ni kizito kiasi kwamba unasikia mtoto akigeuka kitandani nyumba ya tatu.

Mtu wa tarika atanikatiza hapa, na atakuwa na haki. Zikiri si yoga. Kwa muridi, pumzi ni mtumishi tu, bwana ni Jina linalotajwa. Ukiiondoa imani ukabakiza pumzi, umebakiza ganda la korosho. Mtu wa yoga naye anaweza kukaa peke yake msituni mwaka mzima akaitwa mwanafunzi hodari, wakati zikiri ya hadhara haisimami bila wenzio. Tofauti hii ya pili naomba msikilizaji aishike, maana tutaihitaji baadaye.

Tofauti zimesemwa, lakini wote wawili wanadai kitu kimoja: moyo uliotulia huzaa amani. Je, ni kweli? Ujiji ni mahali pazuri pa kuupima ukweli huo, kwa sababu ni mji uliokuwa na uradi na minyororo kwa wakati mmoja. Burton na Speke walipofika mwaka 1858 walikuta soko la pembe na watumwa. Livingstone, ambaye Stanley alimkuta Ujiji mwaka 1871, alikuwa ametoka ng'ambo ya ziwa, Manyema, alikoshuhudia watu wakiuawa kwa bunduki sokoni Nyangwe. Baadaye mkubwa wa mji akawa Muhammad bin Khalfan al-Barwani, ambaye wenyeji walimpa jina la Rumaliza. Wanahistoria wengine humtaja kuwa mtu wa Kadiria. Kama ndivyo, basi mkono ulioshika tasbihi na mkono uliohesabu mateka ulikuwa wa mtu mmoja.

Ukienda nje ya Ujiji mambo hayawi mepesi. Sheikh Uwais bin Muhammad wa Barawa, aliyeichukua Kadiria kutoka Baghdad na kuieneza Unguja na pwani yote tangu enzi za Sultani Barghash, aliuawa huko Somalia mwaka 1909. Hakuuawa na makafiri wala wakoloni. Waliomuua walikuwa wafuasi wa Muhammad Abdullah Hassan, watu wa tarika nyingine, nao wakiwa na uradi wao na pumzi yao. Na huko India kwenyewe, Mahatma Gandhi, ambaye mwaka 1893 alipitia Lamu, Mombasa na Unguja akielekea Afrika Kusini, aliyachukua masharti yale matano ya ngazi ya kwanza akayafanya kiapo cha watu wa makazi yake. Januari 30, 1948 alipigwa risasi akielekea kwenye sala ya jioni, na aliyempiga alikuwa Mhindu mwenzake.

Hata ukimya wa maumbile si dhamana. Kaskazini ya Kigoma, mwendo wa boti, ipo Gombe. Jane Goodall alifika pale Julai 1960 akakaa miezi na miezi bila kujitikisa, mpaka sokwe wakamzoea. Mwaka 2002 Umoja wa Mataifa ulimfanya Mjumbe wa Amani, heshima aliyokuwa nayo mpaka alipofariki Oktoba 2025. Watalii huja Gombe kutafuta utulivu. Lakini ni yeye huyo na wasaidizi wake walioona, kati ya mwaka 1974 na 1978, kundi moja la sokwe likiwawinda na kuwaua madume wa kundi lililojitenga, mmoja baada ya mwingine, mpaka kundi lile likaisha. Msitu ulikuwa umetulia vile vile.

Kwa hiyo tuseme hakuna kitu? La hasha. Tutazame mfano wa mtu mmoja ambaye maisha yake, kwa maoni yangu, yanajibu swali letu kuliko vitabu vingi.

Katika karne ya 19 mtoto mmoja wa Manyema, katika Kongo ya Mashariki, alitekwa. Njia kuu ya misafara kutoka huko ilivuka ziwa, ikapita Ujiji, ikapita Tabora, ikaishia Bagamoyo. Mtoto huyo alifika Bagamoyo akawa mtumwa katika nyumba ya Amir bin Sulaiman al-Lamki, mmoja wa wakubwa wa mji. Akasoma. Akanunua mashamba ya minazi. Akapata ijaza ya Kadiria, akawa khalifa, na jina lake Yahya bin Abdallah likafunikwa na jina ambalo watu wa pwani wanalijua mpaka leo: Sheikh Ramiya. Alifariki mwaka 1931, na maulidi ya Bagamoyo aliyoyakuza yalikuwa yakivuta watu kutoka pande zote za nchi.

Sasa tazama tarehe. Utumwa ulipigwa marufuku kabisa Tanganyika mwaka 1922. Sheikh Ramiya alikuwa tayari khalifa, tayari ana wafuasi, wakati sheria ilikuwa bado inamtambua mtu kuwa mali ya mtu. Katika duara la zikiri yake walisimama waliozaliwa waungwana na waliozaliwa au kufanywa watumwa, wakashikana mikono, wakapumua kwa kipimo kimoja, na aliyeongoza alikuwa mtoto wa Manyema. Mtu aliyezoea kumwita mwenzake kwa kidole alilazimika kusubiri pumzi ya mwenzake ndipo aitoe yake. Huwezi kwenda haraka kuliko duara. Huwezi kuinama wakati wengine wanainuka. Ukijaribu, unawagonga.

Naamini hapo ndipo siri ilipo. Pumzi yenyewe haina upande. Mlenga bunduki hodari naye huishusha kabla ya kufyatua. Swali ni nani unayemshika mkono unapopumua. Rumaliza, kama kweli alikuwa muridi, aliweza kuwa na moyo mtulivu na watu wa tabaka lake, kisha akatoka kwenda kwenye hesabu zake. Sheikh Ramiya aliwakusanya wale ambao nje ya duara hawakutakiwa kukaa mkeka mmoja. Kadiria ilienea sana kati ya watu wa namna hiyo katika miji ya njia ya misafara na baadaye ya reli, na huko Ujiji wanawake wa ukoo wa Kimanyema walikuwa na nafasi yao ndani ya tarika katika karne ya 20, jambo ambalo baadhi ya wanaume hawakulipenda. Ugomvi wa uongozi ulikuwepo pia, tusiwafanye malaika.

Yoga ilipoletwa katika nchi zetu kwa kazi ya maana, ilifuata njia hiyo hiyo bila kujua. Rwanda, kuanzia mwaka 2007, mradi uitwao Project Air uliwafundisha yoga wanawake walionusurika ubakaji wa mauaji ya kimbari ya 1994 na wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Walikutana wengi pamoja, kila mmoja anajua mwenzake amepitia nini, na hakuna anayelazimishwa kusimulia. Kenya, mwaka huo huo wa 2007, ambao uliishia katika ghasia za uchaguzi, ulianzishwa Nairobi mradi wa Africa Yoga Project unaowafunza vijana wa mitaa ya hali duni kuwa walimu. Mwili ulioogopa sana hubaki na hofu hata baada ya hatari kupita: mlango ukigongwa moyo unaruka, usingizi haushiki. Pumzi ndefu husaidia hapo, na pumzi ndefu katikati ya watu unaowaamini husaidia zaidi.

Kigoma ina kazi kubwa ya namna hiyo. Warundi walivuka mwaka 1972, wakavuka tena 1993 na 2015. Wakongo walivuka 1996, mwaka ilipofunguliwa Nyarugusu, na wameendelea kuvuka. Wapo waliorudi, wapo waliozaliwa na kuzaa kambini. Mwalimu Nyerere aliwakalisha Warundi mezani Arusha mpaka alipofariki Oktoba 1999, Mandela akaendeleza, na mkataba ukatiwa saini Agosti 28, 2000. Miaka 15 baadaye Kagunga ikafurika tena. Mkataba unahitaji watu ambao wanaweza kukaa karibu na adui wa jana bila damu kuwachemka, na hilo halifundishwi mezani. Linafundishwa kanisani, kwenye zikiri, kwenye kwaya, kwenye timu ya mpira, na ndiyo, hata kwenye mkeka wa yoga, mradi mkeka wa pembeni awe amekalia Mrundi au Mkongo au Muha wa kijijini ambaye kuni zake zimekatwa na watu wa kambi.

Limebaki jambo dogo, la Mwislamu anayetaka kujua kama aende kwenye darasa hilo au asiende. Wanazuoni hawakukubaliana. Baraza la fatwa la Malaysia liliizuia yoga kwa Waislamu mwaka 2008, likihofia yale maneno ya ibada yaliyochanganywa na mazoezi. Maulamaa wa Indonesia, Januari 2009, walisema mazoezi ya mwili peke yake hayana ubaya, bali nyimbo na ibada za Kihindu haziruhusiwi. Saudi Arabia ikaitambua mwaka 2017 kuwa mchezo kama michezo mingine. Miongoni mwa Wakristo nako wapo wanaoikataa na wapo wanaoikubali. Basi kila mmoja amuulize sheikh wake au padri wake, na amuulize mapema, kabla hajalipa ada ya mwezi.